Diwani Aliyesoma kwa Kidole

Diwani wetu hakuwa na salamu ya mkato. Kama una haraka zako, ulikuwa unapita njia nyingine. Akikuona tu anashuka kwenye baiskeli, anaiegemeza kiunoni, anavua kofia, ndipo anaanza kwa Kisukuma: "Mwadila, mayu," yaani umeshindaje, mama. Ukiitika, anauliza mhola, yaani habari, ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe hata kama huna ng'ombe, ya mvua kama imefika kwetu Shishiyu, na ya mguu wa mama yangu, ambao nilimtajia mara moja tu, msimu mmoja wa palizi, kwamba unavimba. Mimi huku nimekumbatia mafaili, bosi ananisubiri, jua linanichoma utosi. Siku moja nilimwambia, "Mheshimiwa, si utanimaliza hapa juani?" Akacheka, kisha akasema kitu ambacho nilikuja kukikumbuka sana baadaye. Alisema mtu asiyeitikiwa salamu ni maiti ambaye hajapata wa kumzika.

Namwita Diwani kwa sababu sisi wa mjini Bariadi tuliendelea kumwita hivyo hata alipoacha kuwa diwani. Watu wa kijijini kwake hawakumwita kwa jina lolote.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa halmashauri, enzi hizo wilaya yetu ikiwa bado chini ya Shinyanga na hakuna aliyeota kwamba Bariadi itakuwa makao makuu ya mkoa. Nilikuwa na chumba chenye dirisha moja, mashine ya taipu moja, na mashine ya kudurufu ambayo ilinipaka wino hadi viwikoni. Herufi e ya taipu ile ilikuwa nzito. Ukiigonga kwa kidole cha kawaida haishuki, inabidi uigonge kama unamgombeza mtu. Niliomba fundi, nikaambiwa nisubiri bajeti. Kila kitu wakati ule kilikuwa kinasubiri bajeti.

Madiwani wengine walikuwa wakija chumbani kwangu kutafuta nakala za mihtasari na kuzikunja nne bila kuzitazama. Yeye alikuwa anazisoma. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye ndevu, darasa la jioni, na kusoma kwake kulikuwa kazi ya mwili mzima. Alivaa miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa uzi, akaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza, midomo ikacheza, kidole kikasogea. Likija neno gumu kidole kinasimama, anarudia, kinasogea tena. Wenzake walimcheka. Siku moja kikao kizima kilikuwa kimeshatoka, pilau linanukia ukumbi wa pili, na yeye bado yuko ukurasa wa tatu. Mwenyekiti akamwambia, "Mheshimiwa, weka saini tukale."

"Nyie nendeni mkale," akasema. "Pilau halina kifungu. Hii ina vifungu."

Huo ndio ulikuwa msemo wake: sisaini nisichokisoma. Aliusema kwenye vikao, kwenye misiba, hata kwenye harusi ya mtoto wa mhasibu wetu alipoombwa kutoa nasaha kwa bwana harusi. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Lakini kwangu mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuandika vitu visivyosomwa na mtu, ule ulikuwa heshima. Nilikuwa nampenda yule mzee. Nataka kueleza ukweli, basi na huo ni ukweli.

Alikuwa na ulimi. Uchaguzi wake wa mwisho enzi za chama kimoja, wagombea wawili walipewa alama kama kawaida, mmoja jembe na mwingine nyumba. Yeye akaangukiwa na nyumba. Katika nchi ya wakulima wa pamba, kupewa nyumba huku mwenzako ana jembe ni sawa na kuambiwa nenda ukalale. Mwenzake alizunguka kata nzima na jembe begani, akiuliza, "Mnakula nyumba?" Watu wakashangilia. Diwani akanyamaza hadi siku ya mwisho. Akapanda juu ya gari la ng'ombe, akasalimia kwa ile salamu yake ndefu, kisha akauliza swali moja: "Mvua ikinyesha, jembe lako linalala wapi?" Akashuka. Alishinda, na swali lile likawa utani wa wilaya nzima.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mgumu kwa watu wake mwenyewe. Alichukia uvivu kuliko wizi. "Mwizi angalau anaamka mapema," alisema, na watu walidhani anatania. Nilimwona akimrudisha mwanawe nyumbani kwa miguu, kutoka mjini, mwendo wa nusu siku, kwa sababu alichelewa kufunga ng'ombe. Tena alikuwa na imani ya ajabu na karatasi. Labda ni kwa sababu alichelewa kusoma. Sisi tuliosoma utotoni tunajua karatasi ni karatasi. Yeye aliona kilichoandikwa na kupigwa muhuri kina nguvu ya kusukuma jiwe. Muhuri wa kata aliuhifadhi ndani ya kopo, umezungushiwa pamba, na aliufungua taratibu kama anafunua kitoto.

Kisha ikaja ruksa. Soko huria likafika kwetu na malori. Wanunuzi binafsi wa pamba walitundika mizani kwenye matawi ya miti, ghala la chama cha msingi likabaki na popo, maduka ya mjini yakajaa sabuni na khanga na redio. Siwezi kudanganya, tulifurahi. Mimi nilinunua viatu vya mtumba ambavyo vilinidumu miaka. Lakini kwa upande mwingine serikali iliondoa mkono wake. Katapila lililokuwa linachimba malambo ya mifugo lilikufa uwanjani kwa halmashauri, kuku wakawa wanatagia ndani ya kiti cha dereva. Jibu likawa moja kwa kila ombi: jitegemeeni.

Kata ya Diwani ilikuwa haina maji. Kiangazi ng'ombe walikuwa wanatembea siku mbili kufuata mto, na wengine hawarudi. Akaamua lambo lichimbwe kwa majembe. Akapima ardhi kwa hatua zake mwenyewe, akaigawa, kila kaya na kipande chake, siku moja ya kazi kila wiki. Siku ya kwanza watu walikuja wachache. Wengine walikuwa wanashindilia pamba kwenye malori ya wanunuzi, wengine walikaa tu. Alipowafuata majumbani wakamwambia, "Diwani, siku hizi ni ruksa. Kulazimishana kumekwisha." Alikuja ofisini kwangu siku iliyofuata, amechoka, viatu vina vumbi hadi kwenye kamba. Hakunisalimia hadi mwisho. Nilijua kuna jambo.

"Chapa, mayu," akasema. "Sheria ndogo ya lambo."

Akanisomea kutoka kwenye daftari lake. Vifungu vilikuwa sita au saba, vya kawaida: siku za kazi, zana, kamati. Alipofika kifungu cha nne akanyanyua macho. Akaniambia kuna mama mmoja kule, mjane, Mama Limi. Mtoto wake Limi ana kifafa, anaanguka motoni, anaanguka kisimani, hawezi kuachwa peke yake. Huyo hawezi kuja siku ya kazi. "Nimemwambia atatengewa sehemu yake. Atachimba jioni, mtoto akiwa amelala pembeni yake. Hata kwa mwezi mzima, sawa tu. Andika hivyo." Nami nikagonga: Kaya isiyofika siku ya kazi itatengewa sehemu yake nayo itaimaliza kwa muda wake.

Hivyo ndivyo nilivyodhani nimegonga.

Inabidi nieleze kitu kwa msomaji asiye wa kwetu. Kwetu, mtu akivunja sheria ya nzengo, yaani majirani wote wanaozikana na kulimiana, anatengwa. Hapigwi. Hatukanwi. Haitikiwi salamu, hapewi moto, hachoti maji na wenzake, akiugua habebwi, akifiwa hazikiwi. Anayemsaidia anatengwa naye. Njia ya kurudi ni moja, kutoa dume la ng'ombe, likachinjwa, likaliwa na nzengo nzima. Ni adhabu ya wezi wa mifugo na ya watu waliochoma nyumba za wenzao. Mtoto wa Kisukuma analijua neno kutengwa kabla hajaweza kuhesabu.

Stensili ikadurufiwa. Nakala zikapita baraza la madiwani zikisomwa mbiombio na katibu, mikono ikanyooka, pilau likaliwa. Nakala ya kutiwa saini ikaja kwangu, Diwani akaketi kwenye kiti changu, akavaa miwani, akaweka kidole. Nakumbuka nilikuwa nafungasha, nataka kuwahi nyumbani, naye akachukua muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaweka saini, akafungua kopo lake, akagonga muhuri. Akaondoka bila kuniuliza mguu wa mama yangu.

Wiki chache baadaye kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chao, alikuja mjini kuomba nakala zaidi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye filimbi shingoni. "Mayu, kifungu chako cha nne kimefanya kazi vizuli sana!" akaniambia. Nikamuuliza kipi hicho. Akasimama katikati ya chumba changu akakisoma kama alivyokisoma mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sauti ya filimbi: "Kaya isiyofika siku ya kazi itatengwa." Akavuta pumzi. "Sehemu yake nayo itaimaliza kwa muda wake." Akacheka. Wale wanaume waliosema ruksa, kwa maelezo yake, kesho yake walikuwa lamboni kabla ya jua. Hata wagonjwa walikuja na fimbo zao. Kaya moja tu ilikuwa imetengwa, ya mama mmoja mjane, mbishi, anasema eti yeye aliahidiwa.

Alipotoka nilifungua faili. Nilitazama nakala ile hadi mistari ikanicheza. Itatengwa. Herufi e ya pili haikushuka. Herufi moja tu, na mtu aliyesoma kwa masikio ya kwetu akaweka pumzi mahali ambapo sentensi ilimruhusu kuiweka.

Nilikuwa na la kufanya, na lilikuwa rahisi. Ningetembea hadi chumba cha tatu nikamwambia bosi. Lakini ile miezi ilikuwa ya kupunguza wafanyakazi. Karatasi za majina zilikuwa zinabandikwa ubaoni, na mwenzangu wa masjala alikuwa amelikuta jina lake akiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa na watoto watatu na baba yao alikuwa ameshachagua nyumba nyingine. Mpiga chapa aliyeharibu sheria ya halmashauri hangesubiri orodha inayofuata. Bosi mwenyewe akaniita kesho yake, uso umemng'aa, akasema wilaya imesifu lile lambo, nichape nakala kwa kata nyingine. "Kama ilivyo?" nikamuuliza. "Kama ilivyopitishwa," akasema. Nikachapa kama ilivyopitishwa. Safari hii kila e ilishuka vizuri, na lile neno nililichapa bila e ya pili kwa kidole changu mwenyewe, kwa makusudi.

Limi alifariki baada ya hapo. Si muda mrefu.

Haya niliyasikia kwa vipande. Mtoto alishikwa na homa juu ya kifafa chake. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda zahanati, njia ndefu, na alipita kwenye nyumba zenye baiskeli na magari ya ng'ombe. Watu waligeuza nyuso. Wapo waliolia huku wamegeuza nyuso, naamini hivyo, kwa sababu watu wa kwetu si wanyama. Lakini karatasi ilikuwa imesema, tena yenye muhuri. Mtoto alikata roho njiani, mama akageuka naye akarudi.

Diwani siku hiyo alikuwa anatoka kwenye kikao Bariadi. Alimkuta Mama Limi anachimba kaburi peke yake, maiti imefunikwa khanga kivulini. Akalaza baiskeli, akavua koti, akachukua jembe. Walichimba wawili, wakazika wawili. Kamanda alikuja akasimama mbali, filimbi yake haikulia.

"Mheshimiwa," akasema, "unajua ulichokifanya."

"Najua. Nimekisaini."

Wakamtenga. Walitaka asiye na jina na mwenye muhuri wawe sawa mbele ya nzengo, na katika hilo walikuwa wakweli kuliko mahakama nyingi. Alikuwa na madume kumi zizini. Angetoa moja, likaliwa, mambo yakaisha kabla ya mvua. Hata kamanda alimwendea mwenyewe kumbembeleza, akisimama nje ya uzio ili asihesabiwe kuwa amemtembelea. Diwani akajibu, "Siwalishi nyama ya yule mtoto." Akabaki hivyo. Mkewe alikuwa anachota maji peke yake, wa mwisho. Ng'ombe wake walinywa lamboni wakati ng'ombe wa wengine wameshaondoka, kwenye lambo alilolipima kwa hatua zake.

Mjini aliendelea kuja. Alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasalimia, na sisi tukaitika, naye alisikiliza majibu ya salamu kama mtu anayekula baada ya kufunga. Mimi ndiye niliyekuwa sasa napita njia nyingine.  Nilijiambia: anajua. Mtu anayesoma kila neno, siku ile ya kaburi amerudi kwenye nakala yake, ameweka kidole, ameiona e haipo. Anajua ni mimi. Angesimama mkutanoni akasema jamani, ni kosa la mpiga chapa, wangemrudishia heshima yake siku hiyohiyo. Hasemi. Ananilinda mimi na watoto wangu. Nililia kwa ajili ya wema huo, na nikaupokea.

Ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Chama chake kilimsimamisha tena, kwa sababu huko juu lambo lilikuwa linaonyeshwa kwa wageni na hakuna aliyeuliza lilichimbwaje. Nilikuwepo siku ya ufunguzi wa kampeni, nimetumwa na halmashauri kupeleka fomu. Uwanja ulijaa. Vijana wa chama cha mpinzani wake, mnunuzi wa pamba mwenye lori, nao walikuja kutazama. Diwani alipanda juu ya gari la ng'ombe kama zamani. Akavua kofia.

"Mwadila!"

Nilisikia ng'ombe lamboni. Nilisikia mtoto akikohoa. Mama yake akamziba mdomo.

"Mwadila, banzengo!"

Watu walikuwa wanamtazama usoni, si kwamba walitazama chini. Wazee aliowazikia wazazi wao, wanawake aliowauliza mhola ya kila mguu na kila jino. Afisa wa chama kutoka wilayani akapiga makofi kuwachangamsha, akayapiga peke yake, akaacha. Mimi si wa kijiji kile. Mimi sikuwa nimefungwa na nzengo ile. Ningeweza kuitika. Nikainamia fomu zangu nikazihesabu upya.

Alisalimia mara ya tatu kwa sauti ya chini, kama anayejisalimia mwenyewe. Kisha akavaa kofia, akashuka akitanguliza mguu mmoja, akachukua baiskeli yake akaisukuma bila kuipanda. Uchaguzi alishindwa. Sitaki kusema zaidi juu ya siku hiyo.

Mimi nilipunguzwa kazi mwaka uliofuata hata hivyo. Jina langu lilikuwa la pili kutoka juu. Nikafungua kibanda cha kuchapa barua, baadaye kompyuta, baadaye fotokopi, na sikosi kusema Mungu alinipa riziki. Mama Limi nilimkuta Lamadi, miaka mingi ilikuwa imepita, nimefuata dagaa wa jumla. Alikuwa anaanika dagaa kwenye nyavu, amekauka mwili, ana nguvu. Nilijitambulisha kuwa nilikuwa halmashauri tu. Tuliongea juu ya Diwani. Hakuwa na chuki naye, alimwita "mtu aliyenisaidia kuzika." Ila jambo moja lilikuwa linamsumbua.

"Waliponitenga nilimfuata nyumbani," akasema. "Nikamwambia, baba, si ulisema nitatengewa? Akaniambia, vumilia wiki mbili, mama. Wiki mbili tu. Sasa wiki mbili za nini?"

 Nilimnunulia gunia zima ingawa nilitaka nusu.

Mwaka jana nikasikia Diwani hali chakula vizuri. Nikapekua sanduku nikatoa nakala yangu ya sheria ile, imekuwa ya njano, nikapanda bodaboda. Barabara ya lami inaishia mbali na kwake, lakini lambo nililiona kutoka mbali, limejaa, ng'ombe wamelizunguka. Kijana wa bodaboda alinishusha nje ya uzio, akasema atanisubiri kule dukani.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani, amepungua, miwani ileile na uzi mwingine. Mkewe alishafariki, na nilisikia alizikwa na wanawe peke yao. Nikapiga magoti kidogo, nikasalimia. Akaitika. Akaniuliza mhola ya nyumbani, ya watoto, ya kibanda, ya mvua Shishiyu. Alipofika kwenye mguu wa mama yangu nilimwambia mama alikwishafariki, akainamisha kichwa. Nilishindwa kuvumilia. Nikatoa karatasi.

"Baba, nimekuja kusema. Kifungu cha nne. Ile herufi niliiangusha mimi. Umenibebea mzigo wangu miaka yote hii na mimi nimekaa kimya."

Aliichukua. Akaweka kidole, midomo ikacheza. Kaya. Isiyofika. Siku. Ya kazi. Kidole kikasimama.

"Hapa ndipo kiliposimama," akasema.

"Lini, baba?"

"Siku ile ya saini. Ofisini kwako. Wewe ulikuwa unafunga mkoba." Akanitazama juu ya miwani. "Mayu, ulidhani nilisaini bila kusoma?"

Nikaketi chini, hapohapo kwenye vumbi.

"Niliiona. Nikataka kukuambia uirekebishe. Kisha nikawakumbuka wale wanaume, ruksa, ruksa. Nikasema, acha isomeke hivi. Wiki mbili. Wakishaogopa, nitasema ni kosa la taipu, nitarekebisha. Wiki mbili zikaisha, lambo lilikuwa limefika kiunoni. Nikasema, mbili nyingine." Akaikunja karatasi polepole. "Sikukubebea kitu. Yale yalikuwa yangu."

Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia. Nitasema nilichohisi: nilihisi wepesi. Miaka yote hiyo, kumbe si mimi. Niliogopa wepesi huo usije ukaonekana usoni kwangu, nikainama kufunga mkoba.

"Na wewe," akauliza, "uliiona lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema siku ya mkutano. Lakini yule mzee alikuwa amenisomea yake yote bila kuruka neno.

"Kamanda alipokuja kuomba nakala," nikasema. "Nikachapa na za kata nyingine. Kama ilivyo."

"Mtoto alikuwa bado mzima?"

"Alikuwa bado mzima."

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira niliyoiona. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili juu ya magoti. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka lamboni, vumbi lao likapita juu ya uzio likatufunika kidogo.

"Basi tulikuwa wawili," akasema. "Mimi adhabu yangu nimeshaitumikia."

 Jua lilikuwa linashuka na kijana wa bodaboda alianza kupiga honi kule dukani. Nikasimama, nikajipangusa, nikamuaga kwa heshima zote kama mtoto anavyomuaga baba yake. Alikuwa ananisikia vizuri, kwa sababu kidole chake, kilichokuwa kinapapasa ile karatasi, kilisimama. Nikaaga mara ya pili, nikaaga mara ya tatu.

Akageuza uso akatazama ng'ombe.